Mama Pasi na Godoro la Watu Wawili

Asubuhi ya mwisho waliyoamka kama kawaida, Mama Pasi alitoka kitandani kama lori linalorudi nyuma uchochoroni. Aligeuka ubavu kwanza, akatulia. Akashusha mguu mmoja, akatulia. Kisha kiwiko. Mumewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi, alikuwa amesimama mbele yake, mikono ameinyoosha bila kumgusa. Kuguswa hakutaka. Kuelekezwa alikubali.

"Njoo," alisema Fundi. "Njoo, njoo. Kata kidogo. Hapo hapo. Simama."

"Usinipigie kelele."

"Mguu wa kushoto umebaki nyuma."

"Huo ulishastaafu. Uache."

Akasimama. Akashika kiuno kwa mikono miwili kama mtu anayezuia mlango usifunguliwe na upepo, akavuta pumzi, kisha akatoa tangazo.

"Leo ndiyo leo. Tunakwenda kwa muuza magodoro. Na wewe unakuja."

"Nije kufanya nini? Anayeumwa ni nani?"

"Anayelala ni nani?"

Fundi akaenda kubandika chai. Aliporudi alimkuta mkewe anaingiza mto wake kwenye mfuko wa sokoni, na juu ya mto shuka iliyokunjwa pembe kwa pembe. Akauliza mto wa nini. Akaambiwa anywe chai.

Jina la Mama Pasi hakupewa na wazazi wake. Alipewa na kazi. Tangu msichana alipiga pasi kwenye duka la dobi, akaanza na pasi ya mkaa, ile ya chuma yenye kijogoo kwenye kifungio, akaja kumalizia na ya umeme. Alinyoosha mashati ya makarani, magauni ya maharusi, shuka za nyumba za wageni. Siku nzima wima, bega moja likisukuma, kiuno kikifuata. Kila kilichopita mikononi mwake kilitoka kimenyooka. Kilichopinda kilikuwa kimoja tu, mgongo wake.

Fundi naye alichonga vitanda. Nusu ya mtaa walizaliwa, wakaugua na wakanuniana juu ya vitanda vyake. Hakusoma, lakini mbao alizijua, na cha nyumbani kwake alikichonga kwa mbao ngumu ambayo hata mchwa waliionja wakaiacha. Kwa hiyo nyumba ile ilikuwa na kitanda kizuri kupita vyote mtaani, na shuka iliyonyooka kupita zote. Katikati ya hivyo viwili ndipo palipokosekana kitu.

Palikuwa na godoro, ndiyo. La sponji, la zamani, lililochoka kabla ya wenyewe kuchoka. Fundi alikuwa mtu wa kilo zake. Mama Pasi alikuwa mwembamba kama kibao cha kupigia pasi. Miaka na miaka ya Fundi kulala palepale ilichimba bonde, na Mama Pasi alianza kila usiku ukingoni, akaamkia bondeni, amebanwa kwenye mbavu za mumewe, nyonga imepinda upande wake na mabega upande mwingine.

Watu wasioumwa ndio wenye dawa nyingi. Dada yake Fundi, ambaye nyumba nzima ilimwita Shangazi, mtu mwenye mgongo imara kama nguzo ya umeme, alikuja na dawa yake.

"Wifi, lala chini. Sakafu haina hila."

Mama Pasi akalala chini. Kulala alilala. Kuamka ndiko kulikoitisha mkutano. Fundi alimvuta mikono, jirani akamsukuma mgongo, na Shangazi akasimama mlangoni akisema kwamba ndivyo dawa inavyofanya kazi, lazima iume kwanza.

Fundi naye alikuwa na dawa, na dawa ya Fundi kwa kila ugonjwa ilikuwa mbao. Alisikia kwamba godoro lililobonyea hutiliwa ubao chini yake. Ubao wa kutosha hakuwa nao siku ile, basi akang'oa mlango wa stoo, akautelezesha chini ya godoro, akapiga kofi juu yake kwa fahari.

Mkewe akalala. Baada ya muda mfupi akaita.

"Fundi, kuna kitu kinanichoma."

"Ni mgongo unanyooka huo."

"Mgongo wangu haujawahi kuwa na skrubu."

Fundi akawasha taa, akachungulia. Bawaba za mlango hakuzitoa. Mtu aliyefunga bawaba maisha yake yote, mwenye bisibisi mfukoni hata siku za kupumzika, alimlaza mkewe juu ya bawaba mbili. Mlango ukarudi stoo, na kwa muda mrefu kila ulipolia ukifunguliwa, Mama Pasi alisema, "Unaniita huo."

Mwishowe alikwenda kliniki ya viungo. Mganga wa pale, mama wa makamo mwenye vidole vigumu, alimbonyeza, akamkunja, akamwambia maneno yaliyokuwa mafupi kuliko ya Shangazi. Alale ubavu, aweke mto kati ya magoti. Godoro lisiwe gumu, lisiwe laini. Limbebe. Lisimmeze wala lisimsukume.

Walipotoka nje Fundi alitafakari sana.

"Lisikumeze, lisikusukume, likubebe," alisema. "Linatafutwa godoro au mkwe?"

"Mkwe ningeshampata," alisema Mama Pasi.

Ndivyo walivyofika dukani asubuhi ile, yeye mbele na mfuko wake, Fundi nyuma kama mtu anayepelekwa kung'olewa jino. Duka lilikuwa na kioo kikubwa kinachotazama barabara, na nyuma ya kioo magodoro yalilala juu ya vitanda vya maonyesho, yote yamevikwa nailoni. Fundi alivitazama vile vitanda, akagusa mguu wa kimoja kwa ncha ya kiatu, akaguna. Mbao laini. Misumari badala ya ulimi na tundu. Mguno ulisikika.

Muuza magodoro alikuwa mtu mzima mwenye tai fupi na shikamoo ndefu. Alipoitikiwa marahaba akaenda moja kwa moja kwenye godoro la kwanza, akalibonyeza kwa kiganja.

"Bonyeza hapa, mama. Ona linavyorudi."

"Baba, mimi silali kwa kiganja."

Akavua viatu, akavipanga. Akatoa shuka yake, akaitandaza juu ya nailoni, akaipapasa isibaki na mkunjo hata mmoja. Akaweka mto. Akapanda kwa hatua zake zilezile, na Fundi, bila kufikiri, akaanza, "Njoo, njoo, kata..." Muuzaji akageuka nyuma kuona kuna gari gani.

La kwanza alilipa muda mfupi.

"Hili linameza. Nikilala hapa mtanitafuta."

La pili halikumaliza hata pumzi moja.

"Hili nilishalala. Lilikuwa na bawaba."

Muuzaji alisema magodoro yao hayana bawaba. Fundi akatazama dari.

Mama Pasi akapanda la tatu. Alilala ubavu, akaweka mto kati ya magoti, akafumba macho. Muuzaji akaanza kueleza tabaka la juu ni la nini na la chini ni la nini. Alipofika la katikati, Fundi akamwinulia mkono.

Yule mwanamke alikuwa amelala usingizi.

"Mzee," alinong'ona muuzaji, "mama amelala?"

"Anapima."

"Anakoroma, mzee."

"Anapima kwa kina."

Fundi akavuta kiti, akakaa miguuni mwa kitanda, akakunja mikono kama askari wa benki. Hakukumbuka mara ya mwisho alipomsikia mkewe akikoroma. Nyumbani alikuwa akisikia kugeuka, kuguna, kuhesabiwa kwa viungo kimoja kimoja. Kukoroma kulikuwa kwake Fundi peke yake, na alikoroma kwa niaba ya wote wawili. Mteja mmoja aliingia, akasimama, akauliza kwa sauti ya chini hilo analolalia yule mama ni lipi. Muuzaji akajibu kwa sauti ya chini vilevile. Akaingia mwingine. Watu wakawa wanapita kwenye kioo, wanasimama, wanaashiria. Muuzaji, aliyekuwa ameanza kununa, akafungua mlango upande wa pili ili waone vizuri zaidi.

Mama Pasi alipoamka, alishusha miguu yote miwili kwa pamoja. Hakuna aliyemwelekeza. Fundi aliona. Akajifanya anakohoa.

"Hili basi, mama!" alisema muuzaji akisugua mikono.

"Bado."

"Bado nini tena? Umelala mpaka mteja ameniuliza kama na wewe unauzwa."

"Nimelala peke yangu. Mtu peke yake hata juu ya magunia atalala. Fundi, vua viatu."

Fundi alikataa katakata. Kioo kilikuwa wazi, barabara ilikuwa imejaa, na nusu ya waliokuwa wakipita aliwahi kuwachongea kitanda. Mwanaume mzima, tena mzee, alale na mkewe dirishani mchana kweupe?

"Soksi yako ina tundu," alisema Mama Pasi. "Ndiyo aibu yako hiyo. Vua tu."

Akavua. Akapanda. Akalala chali na kofia kichwani, mikono juu ya kifua, macho yamekaza kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti. Nailoni ikalia. Godoro likabonyea upande wake, taratibu, kwa heshima, na Mama Pasi akateremka kwenye mbavu zake kama kawaida. Nje mtu mmoja akapiga makofi.

Muuzaji akakuna kidevu. Alikuwa ameona mengi katika kazi yake, na alisema kwa upole.

"Mama, shida si godoro. Shida ni mzee."

"Hilo ningekuambia bila kuvua viatu."

"Ila dawa ipo. Mchukue mawili madogo. Lake gumu, lako la wastani. Mnayaweka pamoja, kila mtu analala kwa uzito wake. Hakuna kubonyezana."

Fundi akainuka haraka. Kwa mara ya kwanza siku ile uso wake ulichangamka.

"Hayo hayo! Chukua hayo, mama. Utalala, utapona."

Mama Pasi hakuinuka. Alibaki ubavu, palepale alipokuwa, mbele yake pakiwa na bonde lililokuwa likijaa polepole sasa mumewe amelitoka.

"Na katikati ya hayo mawili kutakuwa na nini?"

"Ufa tu, mama. Ufa mdogo, hata hauonekani."

"Nimekaa na mtu huyu tangu nilipokuwa na kiuno cha kuhesabika. Tumegombana, tumenuniana, amenilaza juu ya mlango. Ufa hatujawahi kuwa nao. Leo nikaununue dukani?"

"Sasa mgongo je?" aliuliza Fundi, na hapo hapakuwa na mzaha katika sauti yake. "Unaumwa kila siku. Mimi hata juu ya kokoto nalala. Chukua lako, wewe. Mimi nitakuwa hapo hapo pembeni. Au niweke ubao katikati, chini, ili nikibonyea..."

"Fundi. Ukitaja ubao tena nitakulaza juu yake."

Muuzaji akatazama tai yake.

Mama Pasi akachukua lile la tatu, kubwa, la watu wawili. Akataka lile lile. Muuzaji akasema la maonyesho haliuzwi, ataletewa jingine kama lile kutoka ghalani.

"Nimeposwa na huyu, wewe unaniletea ndugu yake?"

"Ni sawa kabisa, mama. Kiwanda kimoja."

"Na mimi na wifi yangu ni binadamu, kiwanda kimoja. Niulize kama tuko sawa."

Muuzaji akashindwa. Akakubali kulitoa lile lile, mara atakapopata la kuweka mahali pake. Akaeleza na utaratibu: likiwa halimfai, anayo ruhusa ya kulirudisha ndani ya mwezi, mradi nailoni isitolewe.

"Yaani nijue halinifai bila kulilalia?"

"Unalala juu ya nailoni, mama. Ndiyo utaratibu."

"Utaratibu wenu nao unaumwa mgongo," alisema Mama Pasi, akaanza kukunja shuka yake.

Walirudi nyumbani polepole. Alikuwa na furaha mpaka akamnunulia Fundi soksi.

Kesho yake kabla ya chai kifua kilimbana Mama Pasi. Alikaa kitandani, akasema hewa imekuwa nzito, na Fundi akakimbia nje bila kofia kutafuta gari. Hospitalini wakasema moyo umechoka. Watu wa ajabu hawa, alifikiri Fundi, miaka yote mkewe amelia mgongo, wao wamekwenda kutafuta moyo. Daktari alikuwa mpole. Alieleza dawa hii na ile, akamalizia kwamba kubwa kuliko zote ni usingizi. Alale. Apumzike. Asihangaike.

Alilazwa juu ya godoro jembamba la kijani lililoshonewa ngozi ya plastiki.

"Lipoje?" Fundi alimuuliza.

"Ubao uliovaa koti la mvua. Utalipenda."

Hakulala. Fundi alimkuta kila alipokwenda amefumbua macho, nyonga inamtesa kuliko kifua, anahesabu viungo. Kila mmoja wodini alimwambia alale. Muuguzi wa asubuhi alimwambia, wa jioni akamwambia, Shangazi alikuja na uji akamwambia kama anayemkaripia.

Siku Fundi aliporudi nyumbani kubadili nguo alilikuta godoro sebuleni, limelazwa sakafuni kando ya ukuta, nailoni inameta. Muuza magodoro alikuwa ametimiza ahadi. Shangazi, aliyekuja kulinda nyumba, alikuwa amekaa juu ya ncha yake.

"Laini mno," alisema Shangazi. "Mtu atazoea uvivu."

Fundi alisimama akalitazama. Kisha akatoka, akarudi na msukuma mkokoteni.

"Kaka, unakwenda nalo wapi?"

"Kwa mwenyewe."

"Hospitali? Umechanganyikiwa? Godoro halilazwi hospitali!"

"Halilazwi. Linasindikiza."

Wakapita nalo katikati ya mji mchana wa jua kali. Watu walidhani anahama. Mmoja alimpigia kelele kwamba kitanda kimeangukia njiani. Fundi alitembea kando ya mkokoteni, mkono mmoja juu ya godoro, kama mtu anayepeleka ng'ombe wa thamani. Langoni mlinzi aliinuka kitini.

"Mzee, huku watu hawahamii."

"Namletea mgonjwa godoro."

"Si wamempa?"

"Wamempa. Nenda ukalilale wewe, halafu rudi uniambie."

Mlinzi alifikiri. Bila shaka alikuwa na mgongo wake na yeye, maana alikaa siku nzima kwenye kiti kisicho na egemeo. Akainua kizuizi.

Wodini wanawake waliinua vichwa. Mkokoteni ulibaki nje, godoro likaingia kwa mlango likipinda, Fundi mbele, msukuma mkokoteni nyuma, na halikusimama popote mpaka lilipofika kitanda cha Mama Pasi. Hapo ndipo Fundi alipokiona kitanda. Alikuwa amekiona kila siku. Sasa alikiona.

Kilikuwa cha mtu mmoja.

Mtu yule alipima mlango kabla ya kuchonga fremu, akapima fremu kabla ya kukata ubao, akapima ubao kabla ya kuushika msumeno. Futi ya kupimia ilikuwa mfukoni mwa shati lake wakati ule ule. Alibeba godoro la watu wawili katikati ya mji, akaliwasilisha kwenye kitanda cha mtu mmoja. Akatoa futi, akapima. Labda alitegemea kitanda kiongezeke.

"Fundi," alisema Mama Pasi kutoka pale chini ya mkono wake, "haifai kupima baada."

Mgonjwa wa kitanda cha pili alianza kucheka, akashika kidonda chake.

"Mama, huyu mume ulimpata wapi? Wangu hata chungwa hajaniletea."

"Mchukue," alisema Mama Pasi. "Ila ni mzito."

Muuguzi mkuu wa wodi alikuja na hasira zake zote. Vitu vya nje haviingii. Njia imezibwa. Daktari atapita sasa hivi. Fundi alisimama akikubali kila neno, bado ameshika pembe ya godoro. Katika kulisukuma lipite pembeni, muuguzi akaliwekea mkono. Akabonyeza. Akabonyeza tena.

"Hili mmelinunua wapi?"

Fundi akamwambia. Muuguzi akatazama kushoto na kulia, akalikalia kidogo tu, kwa ncha. Alikuwa mwanamke wa miaka mingi ya kuinua wagonjwa. Akafumba macho kitambo, na alipoyafumbua sauti yake ilikuwa nyingine. Mwisho wa wodi, alisema, kipo chumba kilichokuwa cha kuwekea mapazia. Kitupu. Likae humo sakafuni, na mama apelekwe, lakini Fundi asimwambie mtu.

Kabla Mama Pasi hajafikishwa kwa kiti cha magurudumu, godoro lilikuwa limekwishajaribiwa na muuguzi mkuu, na wasaidizi wake, na mfagizi. Kila mmoja alitoka ameshika kiuno, akisema na yeye anaumwa hapa.

Wakamshusha juu yake. Ile shuka yake Fundi aliileta, akaitandaza, na mikunjo ikabaki.

"Nitoe nailoni?"

"Acha. Tuna mwezi."

Akalala ubavu, mto kati ya magoti. Nailoni ililia kidogo kila alipovuta pumzi. Fundi alibaki amesimama wima kando ya ukuta, hakuthubutu hata kuchutama, asije akaharibu.

"Kaa," alisema mkewe.

"Nitalibonyeza."

"Kaa, Fundi."

Akakaa ukingoni, nusu ya tako, uzito wote akiubeba kwa magoti. Magoti yakachoka. Akaketi. Godoro likabonyea, na mkewe akateremka mpaka mgongo wake ukafika kwenye paja lake. Hapo akasema maneno machache, akacheka kwa puani, na akalala. Daktari alipopita alimkuta anakoroma, akauliza kwa nini mgonjwa yuko chini, na muuguzi mkuu akasema ni sehemu ya matibabu.

Mama Pasi hakuongea tena la maana baada ya hapo. Aliomba maji, akauliza saa, akasema taa inamuumiza. Alifariki siku chache baadaye, asubuhi, chumbani mule mule, Fundi alipokuwa amekwenda kuleta maji ya moto. Aliporudi alisimama mlangoni na chupa mkononi. Nailoni haikulia.

Nyumba ikajaa watu. Waliotoka mbali walilazwa kwa mpango, na kwa kuwa Shangazi ndiye aliyepanga, godoro lilirudishwa kwa mkokoteni ule ule likalaliwa na Shangazi. Alilala vizuri sana. Kila asubuhi alilalamika kwamba limemlegeza mgongo, na kila jioni alikuwa wa kwanza kulifikia. Fundi alilala sebuleni kwenye mkeka na hakuumwa popote, jambo ambalo lilimuudhi.

Watu walipotawanyika Fundi aliliweka juu ya kitanda chake. Lilienea bila kuzidi wala kupungua, maana kitanda cha nyumbani alikipima. Akakaa akilitazama. Majirani wakawa na dawa. Mmoja alisema aliuze, halijatumika. Mwingine alisema alitoe sadaka, mtu mmoja atafanya nini na ukubwa ule. Shangazi alisema, bila kutaja jina la mtu, kwamba yapo majumba ambayo godoro kama lile lingethaminiwa.

Kisha akaja muuza magodoro mwenyewe. Alikuwa amesikia. Alivaa tai ile ile fupi, akatoa pole kama inavyotolewa, akakaa na kikombe cha chai bila kukinywa. Alisema tangu siku ile watu wanaingia dukani wakiuliza godoro la yule mama. Mwishowe akalisema lililomleta.

"Mzee, nailoni bado ipo. Na mwezi haujakwisha. Nimeona nije mwenyewe, usihangaike. Ukitaka, tutalirudisha. Nitakuletea dogo, la mtu mmoja. Gumu, kama lako nililokutajia."

Fundi aliinuka, akaenda chumbani, na mgeni akamfuata mpaka mlangoni. Akatoa mfukoni kisu cha kuchongea penseli. Akaichana nailoni kuanzia kichwani mpaka miguuni, bila haraka, kwa mstari ulionyooka, akaivuta, akaikunja, akamkabidhi yule mtu mikononi.

"Mzee!"

"Nilikaa ukingoni kule hospitali," alisema Fundi. "Likabonyea, akaniangukia. Akaniambia neno."

Muuzaji alisubiri, amekumbatia nailoni. Fundi alikaa kitandani, akavuta pumzi, akayasema kama yalivyosemwa, bila kuongeza wala kupunguza:

"Hili nalo limeshindwa, Fundi. Usilirudishe."